Volani ya kuume ku barabara ya kuume: Tujue hatari, tujue namna ya kujilinda

Kama unakaa Miti, Mudaka ao Kavumu, fanya kazi hii ndogo. Simama pembeni ya barabara kubwa, pale Miti njia inapogawanyika: moja inaendelea Kavumu, Katana na Kalehe, ingine inapanda Tshivanga ku pori la Kahuzi-Biega. Usiangalie rangi ya magari wala marke yake. Angalia tu shofere anakaa upande gani. Utaona wengine wanakaa kushoto, wengine wanakaa kuume (Watanzania wanasema kulia). Lakini wote wanapita upande moja tu wa barabara, ni kusema upande wa kuume.

Hapa kuko jambo ambalo tumelizoea mpaka hatulioni tena. Gari ambayo volani yake iko kuume ilitengenezwa kwa barabara ambako watu wanapita kushoto. Sisi tunaitumikisha kinyume. Je, ni vibaya? Je, ni hatari? Na wewe kijana uliyetoka ku mashimo ya kasiterite ya Nyabibwe ao ya zahabu ya Kamituga, ukiwa na franga kidogo na wazo la kununua gari ya kwanza, unapashwa kujua nini mbele ya kutoa franga hiyo? Tufasirie polepole.

DUNIA IMEGAWANYIKA MARA MBILI

Karibu mtu moja juu ya watu watatu duniani anakaa mu inchi ambako magari yanapita kushoto. Uingereza ndiyo iliyopeleka desturi hiyo mu makoloni yake mengi. Ndiyo sababu Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia wanapita kushoto. Japani haikuwa koloni ya Waingereza, lakini nayo inapita kushoto.

Sisi tulikuwa chini ya Wabelgiji, na Wabelgiji wanapita kuume. Ni vile vile kwa Rwanda na Burundi. Sheria ya barabara ya inchi yetu, ile ya tarehe 30 Agosti 1978, inashika njia hiyo: kila mutu aongoze upande wa kuume.

Kanuni ya watengenezaji wa magari ni moja: shofere akae upande wa katikati ya barabara, apate kuona gari zinazokuja mbele yake. Mu inchi ya kupita kuume, volani inawekwa kushoto. Mu inchi ya kupita kushoto, volani inawekwa kuume. Shika sana kanuni hii, sababu mambo yote yanayofuata yanatoka ndani yake.

JUU YA NINI GARI ZA JAPANI ZINAFIKA KWETU?

Sababu ya kwanza ni bei. Mu inchi ya Japani, gari mpya ya familia inapitishwa ku kontrole kubwa ya serikali kisha miaka 3, halafu kila miaka 2. Kontrole hiyo wanaiita shaken, na inakula franga nyingi. Kwa hiyo Mujapani mwingi anaona heri auzishe gari yake ingali na nguvu, anunue ingine. Gari hizo zinapelekwa ku masoko makubwa ya mnada, na kutoka pale zinapanda mashua ku bandari kama Yokohama, Nagoya na Kobe.

Sababu ya pili ni majirani. Bandari za karibu nasi, Dar es Salaam na Mombasa, ziko mu inchi za kupita kushoto. Gari za Japani zinafaa kabisa kule. Wafanya-biashara wamejaa, piese zimejaa, mafundi wanazijua. Mutu wa Bukavu anayetaka gari ya volani ya kushoto anapashwa kuitafuta Ulaya, Dubai ao mbali zaidi, na mara nyingi bei inapanda.

Sababu ya tatu ni ugumu wa barabara zetu. Toyota za Japani zimejulikana kuwa zinavumilia, na piese za zamani zinapatikana. Mutu anayepakia mizigo Kalehe ao Walungu hatafuti uzuri, anatafuta gari itakayorudi nyumbani.

NJIA NDEFU YA GARI MOJA

Tufuate gari moja. Inapanda mashua ku Yokohama na kukaa ku maji mwezi moja ao zaidi, mpaka Dar es Salaam. Pale kuko kulipa bandari, kulipa komisionere wa duani, na kutafuta shofere wa kuipandisha. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kigali ni zaidi ya kilometa 1400. Inchi nzima ya Tanzania inapita kushoto, na volani iko fasi yake.

Halafu inafika Rusumo, mupaka wa Tanzania na Rwanda, ku muto Akagera. Daraja jipya la pale lilijengwa kwa usaada wa Japani. Na ni pale pale gari ya Japani inapopoteza upande wake: mbele ya muto ilikuwa kushoto, nyuma ya muto inapashwa kwenda kuume. Tangu pale, shofere anakaa upande wa mutaro. Inapita Kigali, inakata pori la Nyungwe, inashuka Rusizi, inavuka Ruzizi, ndiyo hii hapa Bukavu.

Rwanda yenyewe ilikataza watu wake kuingiza gari za volani ya kuume mu miaka ya 2000. Kwa hiyo gari kama hiyo inapita Rwanda kama mugeni mwenye safari. Kwetu pia, zaidi ya mara moja wakubwa wa Kinshasa walitangaza makatazo, lakini magari yaliendelea kuingia, zaidi Katanga kwa njia ya Zambia, na huku Kivu kwa njia ya Rwanda na Uganda.

HATARI YA KWANZA: KUPITA GARI INGINE

Wazia uko nyuma ya kamio iliyobeba mifuko, kati ya Miti na Mudaka. Inaenda polepole, na unataka kuipita. Mwenye volani ya kushoto anakaa karibu na katikati ya barabara. Anasogea kidogo tu, anaona mbali, anarudi. Mwenye volani ya kuume anakaa upande wa mutaro. Mbele yake ni ukuta wa kamio tu. Ili aone, anapashwa kutoa karibu gari nzima ku upande wa wengine. Maana yake: anajitia mu hatari kwanza, ndipo anaona kama hatari iko.

Tuhesabu kidogo. Gari moja inakuja kilometa 60 kwa saa, na wewe pia unaenda 60. Mukikutana uso kwa uso, mnakaribiana kama mutu anayeenda 120. Ni karibu metre 33 kwa kila segonde. Mu segonde 3 tu, metre 100 zimekwisha. Ni urefu wa uwanja wa mupira. Shofere aliyetoa kichwa ili aone kwanza, segonde zake 3 zimekwisha mbele hajaamua.

Ndiyo maana mu magari mengi ya kwetu, yule anayekaa mbele kushoto amekuwa macho ya shofere. Anachungulia, anasema: «Ngoja, kuko moto!» ao «Pita, kuko safi!» Ni usaada mukubwa. Lakini je, yule ni nani? Mara ni konvoyeri mwenye akili. Mara ni mama aliyechoka na soko la Mudaka, ao mutu anayesinzia, ao kijana anayependa mbio. Hana pedali ya freni, hajui nguvu ya motere. Tunamupa uzima wetu wote, na hata permi hana.

Ku Kanada, mu jimbo la British Columbia, watu walipita kununua gari nyingi za Japani. Mu miaka ya 2000, watu wa asiranse wa pale walipima ajali, wakaona kwamba gari za volani ya kuume zinapata ajali nyingi kuliko zile za volani ya kushoto. Na barabara za kule hazina mashimo kama zetu.

HATARI YA PILI: MULANGO

Hatari hii inagusa watoto wetu. Minibisi ya Japani, kama Hiace, ina mulango mukubwa wa kusukuma upande wa kushoto. Kule Japani, upande wa kushoto ndiyo upande wa pembeni. Abiria anashuka mu majani, ao ku fasi ya watembea kwa miguu. Kwetu, upande wa kushoto ni katikati ya barabara.

Sasa angalia ku Miti saa ya kutoka masomo ao siku ya soko. «Shofere, simama hapa, niko nashuka!» Mulango unafunguka, na mama mwenye mutoto mugongoni anaweka muguu wake fasi ileile ambako motari anapita mbio. Mutoto wa miaka saba anaruka, anazunguka nyuma ya gari, anakimbia. Shofere anayekuja haoni kitu: minibisi imemuficha mutoto.

Mutu atasema: «Ni mutoto hana akili.» Hapana. Mutoto amefanya ile ambayo mulango ulimulazimisha kufanya.

HATARI YA TATU: TAA ZA USIKU

Watu wengi hawajui jambo hili. Taa fupi za gari hazimuliki sawasawa pande mbili. Zinatengenezwa zimulike mbali zaidi ku upande wa pembeni, ili shofere aone watembeaji na mutaro, na zishuke chini upande wa katikati, zisipofushe anayekuja. Gari ya Japani inamulika zaidi kushoto. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Unasema: «Nimeweka taa fupi, juu ya nini ananipigia taa?» Anakupigia sababu unamuchoma macho. Na wakati uleule, pembeni yako ya kuume, ambako mama anarudi na mukungu wa ndizi, kunabaki giza.

JE, HAKUNA UZURI HATA KIDOGO?

Tuseme kweli, uko. Shofere wa volani ya kuume anaona vizuri ukingo wa barabara. Mu njia nyembamba za milima, wakati wa mvua, udongo ukiteleza na bonde likiwa upande wa kuume, anajua kabisa tairi yake iko fasi gani. Si Wakongomani tu walioona hivyo. Zamani, kamio na bisi nyingi za milima ya Italia na Uswisi zilikuwa na volani ya kuume makusudi, hata kama kule wanapita kuume. Na Marekani, gari nyingi za posta zina volani ya kuume, ili mutu aweke barua mu sanduku bila kushuka.

Lakini angalia tofauti. Gari ya posta inaenda polepole, inasimama kila nyumba. Bisi ya milima inaongozwa na mutu aliyefundishwa kwa kazi hiyo. Uzuri wa volani ya kuume unapatikana ku mwendo wa polepole. Ku lami, mbio zikianza, uzuri unakwisha na hatari inabaki.

KUGEUZA VOLANI

Kuko wenye kusema: «Si neno, nitanunua ya kuume, fundi atageuza.» Kugeuza kunawezekana, lakini si kazi ya kukata na kusoude tu. Volani haiko peke yake. Iko pamoja na nguzo yake, kremayeri inayogeuza magurudumu, pedali, pompi ya freni, tabulo nzima na nyuzi za umeme. Ikifanywa vizuri, piese zote zinatoka ku gari ya aina ileile iliyotengenezwa kwa volani ya kushoto. Ikifanywa vibaya, nguzo ya volani inakatwa na kuungwa kwa moto, pedali ya freni inaongezwa urefu kwa chuma cha kuokota, na mifuko ya hewa inayolinda kifua inatolewa na kutupwa. Siku ile soudure inavunjika mu kona, hakuna maombi ya fundi yatakayogeuza gurudumu. Na kumbuka: hata ukigeuza volani, mulango wa minibisi na taa zinabaki vilevile, mpaka uzishugulikie.

INCHI ZINGINE ZILIFANYA NINI?

Swedi walipita kushoto, lakini magari yao mengi yalikuwa na volani ya kushoto. Walikuwa na shida yetu, kinyume chake. Ajali za kupitana zilikuwa moja ya sababu walizotoa. Tarehe 3 Septemba 1967, siku ya Mungu asubui, inchi nzima ilihamia kuume.

Birmania, ao Myanmar, walihamia kuume mwaka 1970. Lakini waliendelea kununua gari za Japani, na kwa miaka mingi bisi zao zilikuwa zinashusha watu katikati ya barabara, kama sisi.

Samoa, inchi ndogo ya visiwa, walifanya njia ingine. Tarehe 7 Septemba 2009 waliacha kuume, wakahamia kushoto, sababu walitaka gari za bei ndogo kutoka Australia, New Zealand na Japani. Walibadilisha barabara ifuate magari.

Na Urusi, ku muji wa Vladivostok ulio karibu na Japani, gari za volani ya kuume zimejaa. Mu Desemba 2008, wakati serikali ilipandisha kodi ya kuziingiza, watu walitoka barabarani kukataa. Tunaona basi kwamba shida hii si ya masikini tu, wala si ya Afrika tu. Kila fasi ambako Japani ni jirani wa bei, mambo ni yaleyale. Rwanda na Burundi nao walizungumza mara nyingi kama wahamie kushoto sawa na Waafrika wa Mashariki wenzao. Kongo iliingia mu umoja huo mwaka 2022, lakini barabara zetu zimebaki kuume.

MBELE YA KUTOA FRANGA: MAULIZO SITA

1. Bei wanayokuonyesha ni ya wapi? Bei ya gari ikiwa ingali Japani ni moja. Bei yake ikifika bandari ya Dar es Salaam, pamoja na mashua na asiranse ya maji, ni ingine. Duani inahesabu juu ya ile ya pili. Na kwa sheria ya Kongo, juu yake kuko TVA, ambayo tangu ianze mwaka 2012 ni 16 kwa mia. Ongeza bandari, komisionere, shofere, esanse, na nambari ya gari. Wengi walikuwa na franga ya gari, hawakuwa na franga ya kuifikisha. Gari ikalala bandarini, na kila siku ya kulala inalipwa.

2. Nani anasimamia mupaka leo? Mu Februari 2025 M23 waliingia Bukavu, na ofisi nyingi zilibadilisha wakubwa. Usifuate bei ya duani uliyoambiwa na ndugu yako miaka iliyopita. Uliza mbele ya kununua, na uliza pia kama makaratasi utakayopewa yatakubaliwa fasi zingine ambako gari itatembea.

3. Gari imepata ajali? Soko la mnada la Japani linatoa karatasi ya kila gari. Nambari kama 4 ao 4,5 inaonyesha gari nzuri. Herufi R inaonyesha kwamba ilipata ajali, ikatengenezwa. Omba karatasi hiyo. Muuzishaji akikataa, ujue.

4. Nambari ya shasi ni ileile? Gari za soko la Japani hazina nambari ndefu ya herufi 17 kama za Ulaya. Zina alama ya aina, kakistari, halafu nambari. Linganisha ile ya ku karatasi na ile ya ku chuma, herufi kwa herufi.

5. Franga inaenda kwa nani? Jina la konti ya benki liwe sawa na jina la kampuni ku proforma. Wakikuambia utume kwa jina la mutu binafsi, simama. Picha nzuri ya gari mu telefone si gari.

6. Gari ni ya kazi gani? Kama ni ya kusafirisha watu, tafuta yenye mulango wa kuume. Ukikosa, heri ubadilishe mpango kuliko kushusha watoto wa watu katikati ya barabara.

KAMA GARI IKO TAYARI NYUMBANI

Baba ao kaka unayeongoza: acha nafasi kubwa nyuma ya kamio. Ukiwa mbali na kamio, unaona pembeni yake. Ukiikaribia sana, unajifunga macho mwenyewe. Usipite mu kona wala ku mulima, hata kama unayekaa naye anasema «kuko safi». Neno lake ni la kusaidia. Wewe ndiye unayeamua. Badilisha taa za mbele, weka za gari ya volani ya kushoto. Ukikosa, mupe fundi azishushe. Weka vioo vya kuangalia nyuma vizuri, zaidi kile cha kushoto. Na lipa asiranse. Inalazimishwa na sheria tangu 1973, na siku ya ajali ndiyo itakayoponya familia mbili: ya kwako na ya yule uliyemugonga.

Konvoyeri: shuka wewe kwanza. Simama katikati, angalia nyuma, inua mukono, ndipo mama na watoto washuke. Ni segonde 10 tu.

Wewe unayesafiri: usifungue mulango mbele gari haijasimama. Ukishuka kushoto, usikimbie mbele ya gari wala nyuma yake. Baki umeshika gari mpaka iende, halafu uangalie pande mbili, ndipo uvuke. Na kama shofere anapita magari mu kona, usinyamaze kwa haya. Sema kwa heshima: «Papa shofere, tuko na watoto.» Wengine watakusaidia kusema.

Wazazi: fundisha mutoto leo jioni. Chukua viti viwili na meza, fanya gari mu nyumba. Mutoto ashuke upande wa kushoto, asimame, angoje, aangalie. Afanye mara tano, mpaka azoee. Walimu pia wanaweza kufanya hivyo mu kiwanja cha masomo.

Hatusemi kwamba gari ya volani ya kuume ni ya kutupa. Familia nyingi za hapa zinakula sababu yake, wagonjwa wanafika hospitali sababu yake, mizigo ya wakulima inafika soko sababu yake. Lakini gari hiyo ilizaliwa kwa barabara ingine. Mwenye kuiongoza hapa kwetu anapashwa kuongeza kwa akili yake ile ambayo haikuwekwa mu gari. Bei yake ni ndogo ku bandari. Tuangalie isilipwe mara ya pili ku Miti, pembeni ya barabara.